Bomba la Dawa na Ziwa la Mama

Kwenye mashamba ya viazi ya Isongole, wilayani Rungwe, mvua ikishika, ukungu haukawii kushambulia majani. Bomba la mgongoni halipumziki. Mama anapiga dawa hadi jua la utosi, mtoto analia kivulini. Anatua bomba, anakaa kwenye tuta, anafungua khanga na kumnyonyesha.

Je, sumu inaingia kwenye maziwa? Inaingia, kwa kiasi. Zipo sumu zinazong'ang'ania mafuta. DDT ni mojawapo: ikishaingia mwilini kwa chakula, hukaa kwenye mafuta miaka na miaka, na maziwa yanapotengenezwa hushuka pamoja nayo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima maziwa ya akina mama 95 katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, Arusha. Mabaki ya DDT yalikutwa, ingawa Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulikwisha kuiondoa shambani na kuiachia kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu.

Ukisikia hayo, usikimbilie chupa. Maziwa ya kopo hukorogwa kwa maji, na maji ya kijito kinachopita chini ya shamba lilelile huweza kubeba dawa ileile. Kuyachemsha kunaua vijidudu; dawa inaweza kubaki. Isitoshe, kopo halina kinga ambayo mama humpa mwanawe dhidi ya kuhara na nimonia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halijabadili kauli: miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama pekee, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi.

Cha kufanya ni kuifungia sumu njia kabla haijamfikia mama. Mjamzito na anayenyonyesha wasichanganye wala kupiga dawa. Baba akitoka kupiga, aoge kabla ya kumpakata mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Kopo la dawa lisigeuzwe chombo cha maji. Sumu si ya shambani tu: kula udongo wa pemba kuachwe, maana mwingine una madini ya risasi. Mkorogo wa kujichubua nao uachwe: baadhi ya krimu zake zina zebaki, ileile wanayonasia dhahabu wachimbaji wadogo wa Chunya. Wala mama asijikondeshe haraka, kwani mafuta yakiyeyuka huachia sumu yaliyoihifadhi.

Aliyepiga dawa akapata kizunguzungu, jasho jingi au mate yasiyokatika, awahishwe kituo cha afya pamoja na lebo ya dawa hiyo.

Na yule mama wa kwenye tuta? Dawa iliyo mikononi, kifuani na kwenye khanga yake humfikia mtoto moja kwa moja, bila kupitia kwenye maziwa. Leo hii anahitaji ndoo ya maji, kipande cha sabuni na khanga safi. Kesho, bomba libebwe na mwingine.