Mbwa wa nyumbani: tuanze na chanjo gani?



Wiki mbili zilizopita, mtoto mmoja wa mwaka wa tatu aliingia darasani amefungwa kitambaa mguuni. Nilipomuuliza, akaniambia kwamba mbwa wa jirani alimng'ata jana yake jioni, na nyumbani walishamwekea jiwe jeusi. Nikamwachia mwalimu mwenzangu darasa, nikaenda kumtafuta mama yake sokoni. Mama akashangaa: "Mwalimu, kidonda ni kidogo, na mbwa mwenyewe tunamjua." Hata hivyo tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, wakamsafisha kidonda na kumwanzishia sindano. Mwenye mbwa alipoulizwa karte ya chanjo, hakuwa nayo. Alisema: "Alichomwa sindano moja, lakini sijui ilikuwa ya nini."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Wengi wetu tunafuga mbwa wa kulinda nyumba. Makuta ni machache, na mganga wa wanyama anataja chanjo tatu au nne. Tuchukue ipi kwanza?

Ya kwanza ni ya raje. Hapa hatuchagui. Raje, yaani kichaa cha mbwa, inapita kwa mate ya mnyama mgonjwa anapong'ata, anapokwaruza au anapolamba kidonda. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa raje waliambukizwa na mbwa, na kama wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ndio wanaocheza na mbwa, tena wanaficha kidonda wakiogopa fimbo. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi 3, anarudiliwa baada ya mwaka, kisha mnafuata tarehe iliyo kwenye karte. Sindano anachomwa mbwa, lakini anayelindwa ni mtoto wako.

Ya pili ni sindano ya pamoja. Inakinga ugonjwa wa Carré, parvo inayoleta kuhara damu, na ugonjwa wa ini wa mbwa. Magonjwa haya hayampati mtu, ila yanaua sana watoto wa mbwa. Inaanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16. Kwa nini mara nyingi? Kwa sababu kinga aliyoipata katika maziwa ya mama yake inaweza kuzuia chanjo ya kwanza isifanye kazi. Kama una mbwa mdogo na uwezo upo, usiiache.

Ya tatu ni ya leptospiroze. Ugonjwa huu unatoka katika mkojo wa panya, unakaa kwenye matope na maji yaliyotuama, na unampata hata mtu. Mara nyingi chanjo yake inatolewa pamoja na ile ya pili, na inarudiwa kila mwaka. Mtaa wenu ukiwa na panya wengi, iulizie.

Chanjo ya kikohozi cha mbwa inawafaa zaidi mbwa wanaolala pamoja wengi. Mbwa anayeshinda nyumbani peke yake anaweza kuingoja.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: Chanjo hii ni ya ugonjwa gani? Ilitunzwa kwenye baridi hata umeme ulipokatika? Utaniandikia jina lake na tarehe kwenye karte?

Tena, chanjo ya mbwa haiondoi kazi ya sabuni. Mtoto aking'atwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Jiwe jeusi haliui raje. Mbwa naye msimuue haraka: kama inawezekana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10, na kituo kiambiwe kinachoendelea. Lakini mtoto asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze sindano.

Katika kikundi chetu tulihesabu nyumba zenye mbwa, tukapata nane. Tukakubaliana kumwita mganga wa wanyama siku moja, tugawane pesa ya usafiri wake, tuanze na raje kwa wote. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo mbwa 70 kati ya 100 wamechanjwa, ugonjwa huu unakosa njia ya kupita. Mama mmoja hawezi kufikisha hesabu hiyo peke yake, lakini mtaa mzima unaweza.

Leo jioni, tafuta karte ya mbwa wako. Usipoiona, hesabu kwamba hajachanjwa.