Vanila Katika Joto la Makupa

Mwezi wa pili hapa Makupa hakuna manukato yanayojificha. Upepo umekatika, hewa imejaa unyevu, na ukipanda matatu pale raundabauti saa saba mchana unajua kila abiria alijipulizia nini asubuhi. Ndiyo maana nikiletewa chupa mpya siipimi dukani penye kiyoyozi. Mimi napika udi wa maharusi, kazi niliyoirithi kwa mama, na watu wamezoea kuniletea kila kinachonukia waniulize kama kinafaa kuvaliwa hapa kwetu.

Safari hii alikuja mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Doha. "Shikamoo shangazi. Hii kila msichana anaisaka. Nusa, halafu niambie kweli yake." Chupa yenyewe ni La Vie Est Belle Vanille Nude ya Lancôme, mdogo wake La Vie Est Belle, ile iliyotoka mwaka 2012 ikaenea mpaka Mombasa nzima. Ile ya kwanza ilitungwa na watunga manukato watatu, Olivier Polge, Dominique Ropion na Anne Flipo. Waliliweka ua la irisi juu ya pachuli, kisha wakalitia utamu wa pralini, yaani njugu zilizokaangwa na sukari, karibu na kashata zetu. Mvaaji wake akipita ukumbi wa harusi, walioketi nyuma wanajua kapita.

Hii mpya ni ya upole zaidi. Nilijipulizia mkononi asubuhi, baada ya kuoga, bila mafuta mengine mwilini. Kwanza ilikuja asumini, lakini si asumini nzito ya kikuba iliyolala na mrihani usiku kucha. Ni nyepesi, kama imesuuzwa. Vanila ilifuata taratibu, na chini yake kukawa na miski nyeupe, ile harufu ya nguo safi iliyoanikwa. Miski ya namna hii haitoki kwa mnyama. Hutengenezwa maabara, maana paa wa miski wa milima ya Asia aliwindwa mpaka biashara yake ikawekewa masharti makali duniani.

Vanila ndiyo iliyonifanya nikae na chupa hii kuliko nilivyokusudia, kwa sababu ni mali ya bahari yetu na wengi hatujui. Mmea wake asili yake Meksiko. Ulipoletwa kisiwa cha Réunion ulistawi lakini ukakataa kuzaa, kwa kuwa ua lake hufunguka asubuhi moja tu na huku hapakuwa na wadudu wa kulichavusha. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo mashamba ya Madagaska, Komoro, Unguja na Uganda huchavusha kwa mkono, ua moja moja. Albius alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa huko, na akafa maskini mwaka 1880. Kila ninapoona neno vanila limeandikwa kwa dhahabu kwenye chupa ya bei, namkumbuka, na ningependa wanaoiuza wamtaje.

Tena ganda bichi la vanila halinukii kama tunavyoijua. Huchovywa kwenye maji ya moto, likafunikwa kwa mablanketi litoke jasho, likaanikwa juani, likafungiwa masandukuni miezi kadhaa mpaka liwe jeusi na laini. Kazi hiyo ndiyo inayoipandisha bei. Kimbunga Enawo kilipoipiga Madagaska mwaka 2017, bei ilipanda hata ikafika dola 600 kwa kilo, na wakulima wakawa wanalala mashambani kulinda maganda yao yasiibwe.

Lakini harufu kubwa ndani ya ganda ni ya kitu kimoja, vanilini, na hicho wanakemia wa Kijerumani Tiemann na Haarmann walikitengeneza maabara tangu mwaka 1874. Watengeneza manukato Guerlain waliitia vanilini kwenye manukato yao Jicky mwaka 1889, kisha wakaijengea jina kwenye Shalimar mwaka 1925. Kwa hiyo mtu akikuuzia "vanila" kwa mafuta ya bei rahisi ya chupa ndogo, jua unanunua vanilini. Si udanganyifu, na hata manukato makubwa huitumia. Ila vanilini peke yake ina utamu ulionyooka, mtupu. Vanila ya ganda ina mambo mengine ndani yake: ngozi, matunda makavu, moshi kidogo.

Na hapo ndipo joto linapohukumu. Vanilini hairuki upesi kutoka kwenye ngozi. Ndiyo sababu hukaa mpaka jioni wakati malimau na maua yameshakwenda. Kwenye baridi ya Paris hutoka kidogo kidogo, ikampa mvaaji faraja ya koti zito. Kwetu ngozi ina moto na jasho, mvuke unaharakishwa, na utamu wote unataka kutoka kwa pamoja. Nilitembea nayo kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari adhuhuri, jua la utosi. Ile asumini ilipotea kabla sijafika nusu ya njia. Vanila na miski zikabaki, zikapanda shingoni, na kabla ya kufika nilikuwa nataka maji ya kunawa. Ile ya kwanza, kwa pachuli yake, ina uchungu wa kuzuia utamu. Hii haina kizuizi hicho, na kwa mchana wa kaskazi siipendekezi, hata ukipuliza mara moja.

Usiku ikawa mambo mengine kabisa. Udi wetu wa kupika una sukari: inachemshwa mpaka igeuke rangi, ndipo tunatia udi, sandali, miski, na mafuta ya halwaridi mwishoni. Ukiuweka kwenye chetezo, sukari inaungua na kutoa moshi mtamu wenye ukali. Nililitandaza buibui juu ya tenga likafukizwa, nikalitoa, likapoa, ndipo nikajipulizia Vanille Nude kifuani kabla ya kulivaa. Ule utupu wa vanila ukajazwa na moshi. Kilichokosekana kwenye chupa kilikuwa kwenye nguo. Shemeji aliyekuja kula nasi aliniuliza udi ule nimeutia nini, na hakuamini nilipomwambia.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu jibu hili. Anayetaka manukato ya kazini na ya mchana asinunue hii, ni bora maji ya halwaridi na manukato mepesi ya ndimu. Anayejifukiza na kutoka jioni, au anayejipamba nyumbani kwake, itamfaa sana, na chupa ndogo inatosha kwa sababu haipulizwi kwa wingi. Asikubali kuinusa kwenye kikaratasi cha dukani tu. Aitie mkononi, atoke nje atembee, arudi kulipa baada ya saa mbili tatu akiwa bado anaipenda. Chupa asiiweke dirishani wala jikoni, bali kabatini ndani ya boksi lake. Maji yake yakianza kugeuka hudhurungi asiogope. Vanilini ndiyo hubadili rangi hivyo, na harufu huwa bado nzima.

Rangi hiyohiyo ndiyo ninayowaonya nayo wake za watu. Usimpulizie mumeo kwenye kanzu nyeupe anapokwenda Ijumaa. Doa la vanilini halionekani siku ile. Hujitokeza baadaye kabatini, manjano kwenye kola, na sabuni hailiondoi kwa urahisi. Mpulizie shingoni, akauke, ndipo avae.