Mashudu ya pamba: ng'ombe ananenepa, kuku anaumia

Tuseme unafuga kuku wa mayai pale Kigongo. Chakula cha dukani kimepanda bei, na bei ya dagaa nayo haishikiki. Jirani yako mwenye ng'ombe anakushauri uchanganye mashudu ya pamba: "Yana protini hayo, huoni ng'ombe wangu walivyonenepa?" Unachanganya. Siku moja unavunja yai lililokaa kidogo ili ukaange, unakuta kiini kimegeuka rangi ya zeituni.

Usiogope, hakuna aliyekuroga. Umekutana na gosipoli.

Leo nataka tuzungumze kuhusu mabaki ya kukamua mafuta na afya. Mtandaoni utasikia sana habari za zeituni. Tunda la zeituni lina kemikali za jamii ya polifenoli, na likikamuliwa, sehemu kubwa kabisa ya polifenoli hizo haibaki kwenye mafuta, inaondoka na maji na makapi. Mojawapo inaitwa haidroksitairosoli. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba polifenoli za mafuta ya zeituni husaidia kulinda mafuta yaliyomo kwenye damu yasiharibiwe na oksijeni. Tangu hapo watu wanayatazama makapi ya zeituni kama hazina. Ni sawa kabisa. Shida inaanza pale mtu anapohitimisha kwamba mabaki yoyote yenye polifenoli ni dawa.

Maana gosipoli nayo ni polifenoli.

Kilichomo kwenye mbegu

Sisi wa Kanda ya Ziwa zeituni hatunazo, pamba tunayo. Kigongo iko Wilaya ya Misungwi, na wilaya hiyohiyo ndiko kiliko kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Zile herufi UK kwenye majina ya mbegu kama UK77 na UK91 zinatokana na Ukiriguru.

Mkulima akipeleka pamba mbegu kiwandani, takriban theluthi moja ya uzito ndiyo nyuzi. Karibu theluthi mbili ni mbegu. Tani moja ya mbegu ikikamuliwa vizuri hutoa, kwa makadirio, kilo 160 za mafuta, kilo 450 za mashudu, kilo 270 za maganda na kilo 80 za nyuzi fupi zilizobaki zimeng'ang'ania mbegu. Kwa hiyo mafuta ni sehemu ndogo tu. Mzigo mkubwa ni hayo tunayoyaita mabaki.

Sasa, mmea hauna miguu wala ngumi. Pamba inajilinda kwa vitundu vidogo vyeusi vilivyotapakaa kwenye majani na mbegu, na ndani yake mna gosipoli, rangi ya njano yenye sumu kwa wadudu. Ukiipasua mbegu ya pamba unaviona kwa macho. Ukikamua, gosipoli nyingine inaingia kwenye mafuta, nyingine inabaki kwenye mashudu.

Kwa nini ng'ombe anapona?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua. Kabla chakula hakijafika pale kinaponyonywa na mwili, kinakaa kwenye tumbo la kwanza pamoja na mabilioni ya vijidudu. Humo gosipoli nyingi inashikamana na protini na kukosa nguvu. Ikishashikamana hivyo, haipenyi kirahisi kuingia kwenye damu. Ng'ombe mkubwa akila kwa kiasi, anafaidi protini bila shida.

Kuku na nguruwe hawana tumbo hilo. Ndama mdogo analo, ila halijaanza kazi. Kwao gosipoli inaingia kwenye damu ikiwa huru. Kwa nguruwe na ndama, ikizidi, inaudhuru moyo. Kwa kuku wa mayai, ikizidi hupunguza utagaji, na inapokutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini cha yai ndipo rangi ile ya zeituni inatokea. Kadiri yai linavyokaa ndivyo rangi inavyoonekana zaidi.

Tabia hiyohiyo ya kupenda chuma ndiyo dawa yake. Watengenezaji wa chakula cha mifugo huweza kuongeza salfeti ya chuma kwa vipimo ili gosipoli ishikwe mapema. Joto la wakati wa kukamua nalo husaidia kuifunga, lakini lina gharama: linaifunga pamoja na laisini, sehemu ya protini ambayo kuku anaihitaji sana. Ndiyo maana mashudu yaliyopikwa kupita kiasi yanaweza kuwa salama zaidi na wakati huohuo yakawa chakula dhaifu.

Na binadamu je?

Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Katikati ya karne iliyopita, madaktari nchini China waligundua vijiji ambako watoto walikuwa hawazaliwi. Walipofuatilia, wakakuta watu wanapikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba. Gosipoli ilikuwa inazuia utengenezaji wa mbegu za kiume. Wanasayansi wakaona fursa: kumbe huu unaweza kuwa uzazi wa mpango kwa wanaume! Katika miaka ya 1970 wanaume zaidi ya 8,000 walipewa vidonge vya gosipoli, na kweli vilifanya kazi. Ila baadhi yao walishuka potasiamu mwilini hadi misuli ikalegea, na wengine uwezo wa kuzaa haukurudi hata baada ya kuacha. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utafiti huo uachwe.

Je, uache kupikia mafuta ya pamba? Hapana. Kiwanda kinachosafisha mafuta hutumia magadi makali ambayo huondoa gosipoli, na hayo masalia ya kusafishia huenda kutengenezea sabuni. Mafuta yaliyosafishwa ni ya njano iliyofifia. Mafuta ghafi yana rangi nzito, kahawia inayoelekea wekundu. Ukiuziwa ya rangi hiyo kwa bei ya kutupa, hayo si ya kupikia.

Mabaki yanayotibu kweli

Tusiyaseme vibaya tu. Zile nyuzi fupi ni selulosi safi sana. Kwa miongo kadhaa vichujio vya mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo vilitengenezwa kwa selulosi yake. Pamba ya hospitali, ya kufutia vidonda, nayo inaweza kutokana na nyuzi hizo.

Na mashudu? Miaka ya 1950 walipatikana mimea ya pamba isiyo na vitundu vya gosipoli. Ilifurahisha, mpaka wadudu walipoivamia maana haikuwa na kinga. Baadaye Keerti Rathore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walizima gosipoli kwenye mbegu tu, majani yakabaki na silaha yake. Marekani iliruhusu kilimo chake mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaruhusu mbegu hiyo kuliwa na watu na mifugo. Fikiria maana yake kwa ukanda wetu wa pamba: protini inayoishia kwa ng'ombe leo ingeweza kufika kwenye uji wa mtoto.

Kwa leo, ufanye nini?

Mashudu ya pamba mpe ng'ombe, mbuzi au kondoo mkubwa. Ndama asiyeanza kucheua mwache anyonye. Kuku na nguruwe watafutie mashudu ya alizeti, ambayo hayana gosipoli, au nunua chakula kilichochanganywa kwa vipimo. Na hata mashudu ya ng'ombe yasilowe. Yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa, ikafika mezani kwako.

Jirani yako hakukudanganya. Mashudu yana protini kweli, na ng'ombe wake wamenenepa kweli. Kilichosahaulika ni kuuliza anayekula ana tumbo gani. Na ukisikia kesho mtu anauza makapi fulani kama dawa kwa sababu "yana polifenoli," muulize maswali matatu: ipi, kiasi gani, na imesafishwaje?