Watoto wa Hawa katika daftari la Ujiji

Daftari lilikuwa kubwa, la jalada gumu, la aina ile wanayotumia makarani wa maghala. Mwenyewe, mzee mmoja wa Ujiji ambaye majirani humwita Maalim na ambaye aliniomba nisiandike jina lake, alilifungua mbele yangu ili nione kwamba kazi yake ni hesabu, si mazingaombwe. Kurasa zilipigwa mistari kwa rula: jina, mama, jumla, baki, nyota. Nikawa nafuata safu ya pili kwa kidole. Mariamu, Zainabu, Hawa, Asha, Hawa, Hawa, Mwajuma, Hawa. Nikasema, kwa kutafuta tu la kusema, kwamba huku jina la Hawa linapendwa sana.

"Hao si akina Hawa, mwanangu," akasema. "Hao ni watu wasiojua mama yao aliitwa nani."

Kigoma nilikuwa nimefuata habari za dagaa. Dagaa wakasubiri.

Msomaji wa ukurasa wa nyota gazetini amezoea kutafuta tarehe yake ya kuzaliwa, kisha anasoma kama wiki hii atapata fedha au atagombana na bosi. Kwa Maalim tarehe haina kazi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ye iliyo 10. Hapo zinaruka kwa makumi, kafu 20, lamu 30, mimu 40. Kisha kwa mamia, hadi ghaini ambayo peke yake ni 1,000. Unaandika jina la mtu na jina la mama yake, unajumlisha herufi zote, unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisitoke tena. Kinachobaki ndiyo nyota.

Alinifundisha kwa mfano. Ali: aini 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Mama yake Mariamu: mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40, jumla 290. Pamoja ni 400. Ukitoa 396 zinabaki 4, na ya nne ni Saratani, yaani Kaa. Ndugu yake Ali, tumbo moja, akiitwa Salum na kuandikwa kwa sini, alifu, lamu na mimu, jumla na mama inafika 421, inabaki 1, naye ni Hamali, Kondoo. Maalim hafanyi haya kwenye karatasi. Anatazama juu kidogo, midomo inacheza, jibu linatoka. Nikalihakiki kwa kikokotoo cha simu, na kila mara alikuwa sahihi, jambo lililomfurahisha kuliko alivyotaka nione.

Kwa nini mama, na si baba?

"Mama ana mashahidi," alisema. "Baba ana madai."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema ndivyo alivyofundishwa na hakuwahi kuuliza zaidi.

Ugumu unaanza pale jina lisipokuwa la Kiarabu. Wateja wake wengi sasa wanatoka Kasulu, Uvinza na Buhigwe. Ni Waha, na wengi ni Wakristo. Anakuja kijana anaitwa Gervas. Kiarabu cha vitabuni hakina herufi ya "g" hiyo. Wapo walimu wanaoiandika kwa ghaini, wapo wanaoiandika kwa kafu. Ghaini ni 1,000 na kafu ni 20. Tofauti ni 980, na ukiigawa kwa kumi na mbili inabaki 8. Maana yake ni kwamba kijana yuleyule, kwa kalamu ya mwalimu huyu au yule, anahama nyota nane. Maalim hutumia kafu. Nilimuuliza sababu. "Ghaini nzito mno kwa mtoto wa watu," alinijibu, na sikupata la kuongeza.

Kitabu anachokitegemea kimekaa juu ya kabati, kimefungwa kwa kitambaa, karatasi zake njano, chapa ya bei rahisi ya Misri. Jalada linasema ni cha Abu Ma'shar al-Falaki. Huyo mtu alikuwapo. Alizaliwa Balkh, katika Afghanistan ya leo, mwaka 787, akafanya kazi Baghdad, akafa 886. Wazungu walimtafsiri kwa Kilatini katika karne ya 12 na wakamheshimu karne kadhaa. Lakini Abu Ma'shar wa kweli alipima Zuhali, Mushtara na Mirihi ziko wapi mtu anapozaliwa. Kijitabu cha Ujiji hakiulizi mbingu swali lolote. Kina majina kumi na mawili ya buruji, urithi ulioanzia Babeli miaka mia nne na zaidi kabla ya Kristo ukapitia kwa Wayunani, na chini ya majina hayo kuna hesabu ya herufi tu. Jina la mwanachuoni limebandikwa juu.

Nilimweleza Maalim hivyo kwa adabu niliyoweza. Hakukasirika. "Huyo wa Baghdad alikuwa na wateja wenye saa," alisema. "Wangu mimi bibi zao walizaliwa mwaka wa nzige. Nimpime kwa saa ipi?"

Ni hoja ambayo sikuitegemea, na bado naiona nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Elimu ya kifalme, iliyotaka vyombo vya kupimia anga na wakati kamili wa mtoto kutoka tumboni, ilipofika kwa watu wasio na vyombo wala saa, ilibaki na kitu kimoja ambacho kila mtu alikuwa nacho: jina, na aliyemzaa.

Mwanachuoni aliyeipanga elimu hiyo kwa Kiyunani, na ambaye Abu Ma'shar alimtegemea, ni Ptolemy wa Iskandaria, wa karne ya 2. Ndiye huyohuyo aliyeandika jiografia inayosema Nile inatoka kwenye maziwa yanayolishwa na Milima ya Mwezi. Wazo hilo halikufa. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, nyuma yao kulikuwa na karne nyingi za watu kutafuta maziwa hayo. Livingstone alikonda hapa kwa ajili ya chemchemi hizohizo, na mwaka 1871 yeye na Stanley wakapanda mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa wakakuta mto Rusizi unaingia Tanganyika, hautoki. Makumbusho ya Ujiji yanakueleza hayo, pamoja na mwembe unaosemekana hao wawili walikutana chini yake. Hayakuelezi kwamba Ptolemy alifika Ujiji kwa njia mbili: kwa Wazungu kama mtaalamu wa mito, na kabla yao, kwa misafara ya pwani iliyotoka Bagamoyo na walimu wake, kama baba wa nyota. Yule wa mito alipimwa hapahapa akakutwa na kasoro. Huyu wa nyota bado ana wateja.

Mjini tunaupa heshima ukurasa wa gazeti kana kwamba ndio wa kisasa na wenye sayansi kidogo, na kijitabu cha Maalim tunakiita ushirikina. Ukurasa wa gazeti ni wa juzi. Ulichipuka London Agosti 1930, pale gazeti la Sunday Express lilipomtaka R. H. Naylor abashiri maisha ya Binti Mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa karibuni. Ukapendwa, wengine wakaiga. Reli ya Kigoma, iliyofika 1914, ni kongwe kuliko ukurasa huo. Karata za taroti nazo, ambazo sasa vijana wa Dar es Salaam wanasomewa kupitia simu, zilikuwa mchezo wa kawaida wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alitangaza kwamba ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri, bila ushahidi wowote. Nilimwonyesha Maalim picha za karata hizo. Alizitazama muda mrefu, hasa ile ya mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, akauliza kama wanaocheza wanakula pesa.

Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana kuliko wote nchini mpaka alipofariki mwaka 2011, Maalim hamsifu wala hamsemi vibaya. Nilimkumbusha ule utabiri kwamba atakayempinga Rais Kikwete ndani ya CCM mwaka 2010 angekufa ghafla. "Mimi wanasiasa siwahesabu," alisema. "Wana majina mengi."

Narudi kwa Hawa, maana ndiye aliyeninyima usingizi.

Kanuni, kama Maalim alivyoipokea kwa mwalimu wake, ni kwamba mtu asiyejulikana mama anahesabiwa kwa Hawa, mama wa wote. Inasikika kama huruma, na nadhani ni huruma. Lakini mahali ni Ujiji. Karne ya 19 pembe na watu walivushwa ziwa hili kutoka Manyema, na waliofika hapa walipewa majina mapya: Mabruki, Feruzi, Farhani, Baraka, majina ya heri kwa watu waliokuwa wamepatwa na shari. Wengi wa wazee wa mji huu wanaitaja asili yao ng'ambo. Nikajiuliza ni wangapi waliwahi kukaa mbele ya mwalimu kama huyu, wakaulizwa jina la mama, wakanyamaza.

Mmoja tunaweza kumjaribu. Sidi Mubarak Bombay, Myao, kiongozi wa misafara, alifika Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858, akarudi na Stanley 1871, akarudi tena na Mwingereza Cameron 1874. Speke aliandika masimulizi yake. Wafanyabiashara wa Kiswahili wenye bunduki walikizingira kijiji chao wakidai madeni ya nguo na shanga. Akachukuliwa hadi Kilwa, akauzwa Unguja, akapelekwa India. Mama yake alikufa yeye akiwa mchanga, na hamkumbuki ila kwa mbali sana. Jina lake hakulitaja. Hata jina lake mwenyewe alilozaliwa nalo halimo.

Nikampa Maalim "Mubarak". Mimu 40, be 2, alifu 1, re 200, kafu 20: jumla 263. Mama? Nikasema hajulikani. Akaongeza Hawa: he 8, wau 6, alifu 1, yaani 15. Jumla 278, inabaki 2. Thauri, Ng'ombe. "Mtu wa kubeba," alisema, "mvumilivu, anapenda chakula." Nilimwambia alitembea bara zima kwa miguu. Akaitika kama mtu aliyelijua hilo zamani.

Lakini Hawa kwa Kiarabu sanifu ana hamza mwishoni, na wapo wanaoihesabu kuwa 1. Basi jumla ni 279, inabaki 3, naye anakuwa Jauza, Mapacha. Na ukiacha kumsingizia mama, jina peke yake linabakiza 11: Dalu, Ndoo. Maalim alikiri yote matatu yana wenyewe. Mwalimu wake aliihesabu hamza. Yeye aliiacha baada ya mwalimu kufa. Kwa nini? Alisema wateja walikuwa wakitoka na nyota zisizowafanana.

Kwa hiyo anatazama mtu kwanza? Hilo hakulijibu. Nililiona mwenyewe, hata hivyo. Kabla ya kuandika herufi moja anazungumza na mteja kwa muda mrefu: anadaiwa na nani, mke yuko wapi, mtoto amefaulu. Hesabu inachukua dakika moja. Ninavyoona mimi, tiba iko kwenye mazungumzo, na hesabu inayapa muhuri.

Jambo moja halitaki kabisa, kumtaja mbaya wa mtu. Kigoma inawajua kamchape, wale wanaoingia kijijini kufichua wachawi na kuacha nyumba zimeungua. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, Maalim alilifungia daftari kwa muda mrefu, ingawa anasema ramli hajawahi kupiga. Msikitini nako anajua linalosemwa juu ya wanaokwenda kwa watabiri. Huswali safu ya nyuma. Nilimuuliza kama ni kwa sababu hiyo, alisema magoti.

Wavuvi ndio wanaomweka mjini. Usiku wa mbalamwezi taa za ziwani hazivuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi mashua hukaa pwani siku kadhaa mpaka giza lirudi, na hapo ndipo wanapata nafasi ya kuja Ujiji. Nilikuta mmoja, mama yake Fatuma, anataka kujua kama anunue mashine ya boti kwa mkopo. Maalim alimpa nyota na kumshauri asubiri. Shida ni kwamba mtoto wa kiume wa Maalim, anayeishi Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, naye ameanza kazi hii kwa programu ya simu, na programu inaihesabu ile te ya mviringo iliyo mwisho wa Fatuma kuwa 400, baba anaihesabu 5. Tofauti hiyo inamrudisha mtu nyota moja nyuma. Huko Mwanga yule mvuvi alikuwa ameambiwa anunue.

"Sasa utamfuata nani?" nilimuuliza tulipotoka nje.

Alisema kwanza atampigia mama yake simu, aulize kama kweli anaitwa Fatuma au ni jina la shuleni.