Kubadilisha faili za sauti bila kuipoteza sauti yenyewe



Miaka kadhaa iliyopita tulikaa na mzee mmoja wa kanisa, mwinjilisti wa zamani, chini ya mti wa avoka nyumbani kwake. Kwa dakika 52 alitueleza jinsi Injili ilivyofika katika vijiji vyao. Alitaja waliobatizwa kwanza, na mwishoni akaimba wimbo wa lugha ya nyumbani ambao hatujausikia mahali pengine popote. Tulirekodi kwa kinasa sauti kidogo. Jioni hiyo hiyo tulitengeneza faili ndogo ya kutuma kwa WhatsApp, mega 6 tu, ili ndugu wasikilize bila kumaliza mega zao, na kila mtu alifurahi. Kisha Pasaka ikakaribia, kadi ya kinasa sauti ikajaa, nasi tukaifuta ili kwaya ipate nafasi.

Mzee alipofariki, watoto wake waliomba sauti yake isikike kwenye kilio. Tuliweka ile faili ya mega 6 kwenye vipaza sauti. Sauti ilitoka kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa. Majina mawili ya vijiji hatukuyaelewa kabisa, na ule wimbo ulisikika kama maji yanayochemka. Kijana mmoja wa mitambo akatushauri: "Mchungaji, tuibadilishe iwe WAV, itakuwa nzuri." Tukajaribu. Tulipata faili ya mega zaidi ya 270, na ndani yake ile ile sauti ya pipa.

Tangu siku ile tumeulizwa na parokia nyingi jinsi ya kubadilisha faili za sauti kwenye kompyuta. Tunajibu hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu kosa letu linaweza kutokea kwa yeyote.

Kompyuta ikirekodi kwa muundo wa WAV, inaipima sauti mara 44,100 kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 16. Haichagui lolote. Kikohozi cha shemasi na mvua juu ya mabati vyote vinaandikwa. Kwa hiyo faili ni nzito: karibu mega 10 kwa dakika moja ikiwa na njia mbili, ya kushoto na ya kulia, au karibu mega 5 ikiwa na njia moja. Hesabuni mahubiri ya dakika 45 kwa njia mbili: yanakaribia mega 480. Nani atayapakua kwa simu huku kwetu?

Ndiyo sababu MP3 ilipendwa. Ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, na mwisho huo wa jina la faili, .mp3, ulichaguliwa mwaka 1995. Inatumia udhaifu wa sikio la mwanadamu. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, hatusikii kiti kinachosukumwa sakafuni wakati ule ule. MP3 inatafuta sauti za namna hiyo, zile zinazofunikwa na nyingine, na kuzitupa. Ukiipa kilobiti 128 kwa sekunde, inatupa vitu ambavyo wengi wetu hatutavikumbuka. Ukiipa kilobiti 16, kama tulivyofanya sisi, inalazimika kutupa hata mlio wa juu wa herufi kama s na f, na hapo jina la kijiji linapotea. Na kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza MP3 iwe WAV ni kama kumimina kikombe cha maji ndani ya pipa na kudhani pipa limejaa.

Hasara inaongezeka kila mara tunaporudia. Mtu anapokea MP3, anaikata mwanzo, anaihifadhi tena kuwa MP3. Redio nayo inaipokea, inaongeza wimbo wa kufungulia, inaihifadhi tena. Kila aliyewahi kutafuta cheti cha ubatizo kilichopigwa fotokopi ya fotokopi anajua mhuri unavyoonekana mwishoni. Tulipokuwa shule ya theolojia tulijifunza kwamba barua za Paulo zimetufikia kwa nakala za nakala. Lakini wataalamu wana nakala nyingi kutoka mahali mbalimbali na wanaweza kuzilinganisha. Sisi tulikuwa na moja tu ya mzee, zile nyingine zote kwenye simu za ndugu zikiwa ni hiyo hiyo.

Basi, tunafanyaje? Tunatumia programu iitwayo Audacity, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Ukiisha kukata na kusafisha rekodi, unakwenda palipoandikwa "Fichier", kisha "Exporter", na hapo unachagua muundo. Kwanza toa WAV ya kuhifadhi. Halafu, kutoka rekodi ile ile iliyo mbele yako, toa MP3 ya kutuma. Usiitoe MP3 kutoka MP3 nyingine kama una njia.

Kwa mahubiri ya mtu mmoja aliyesema kwenye maikrofoni moja, chagua njia moja na kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 45 zitakuwa karibu mega 22, na maneno yatasikika vizuri. Kwa kwaya, yenye ngoma na gitaa, tusifanye ubahili: njia mbili na kilobiti 192 au zaidi. Wale wa redio waulizwe kwanza wanataka nini. Wengine wanapenda WAV, na flashi inawafikia kwa pikipiki bila kula mega hata moja.

Kuna muundo mwingine ambao haujulikani sana kwetu, FLAC, uliotolewa mwaka 2001. Unapunguza faili hadi karibu nusu ya WAV, mara nyingine zaidi, bila kutupa chochote. Ni kama kukunja nguo vizuri ndani ya sanduku: nafasi inapatikana, nguo haikatwi. Parokia yenye diski ndogo na rekodi nyingi ihifadhi kwa FLAC.

Makosa mawili tunayaona kila mwezi. La kwanza ni la kwaya zinazoleta kazi redioni na faili ambayo haichezi popote. Katika Audacity, kuhifadhi mradi na kutoa faili ya sauti ni mambo mawili tofauti. Mradi unaishia na .aup3, na unafunguka ndani ya Audacity peke yake. Kabla ya toleo la 3, lililotoka mwaka 2021, ilikuwa hatari zaidi: faili ya .aup ilikuwa ndogo tu, sauti yenyewe ilikaa kwenye folda ya pembeni yenye jina linaloishia na _data. Tumewaona waimbaji waliosafiri siku nzima na faili ya .aup bila folda yake. Walikuwa wamebeba kifuniko, chungu kimebaki nyumbani.

La pili ni kubadilisha jina la faili na kufikiri kwamba muundo umebadilika. Kuandika .mp3 mahali pa .wav hakugeuzi kitu ndani, kama vile kumvika mtu kanzu hakumfanyi mchungaji. Ukitaka kugeuza haraka bila kukata chochote, VLC inaweza: fungua "Média", kisha "Convertir / Enregistrer". Inasaidia pia kwa rekodi za simu zinazoishia na .m4a au .amr, ambazo Audacity hukataa ikiwa haijaongezewa FFmpeg.

Kuna tovuti zinazogeuza faili bure. Hapa tunasema wazi: hatuzitaki kwa rekodi za kanisa. Gharama ya mega ni jambo dogo. Katika parokia zetu tunarekodi ushuhuda wa watu waliokimbia vita, wa akina mama walioumizwa, wanaotaja majina ya watu na vijiji. Ukipakia faili hiyo kwenye tovuti usiyoijua, umeiweka mikononi mwa mgeni. Geuza kwenye kompyuta yako, hata intaneti ikiwa imezimwa. Audacity na VLC haziihitaji. Na kabla ya kutuma ushuhuda wa namna hiyo popote, mwenyewe aulizwe, hata kama alikubali siku ya kurekodi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma faili kama dokumenti, ifike jinsi ilivyo. Kushika simu mbele ya kipaza sauti na kurekodi ujumbe wa sauti kunaleta faili ya Opus iliyobanwa sana, inayofaa salamu, si hazina.

Sisi sasa tuna diski mbili, moja ofisini na nyingine katika nyumba ya mzee wa kanisa upande wa pili wa mji, kwa kuwa tunaishi mahali ambapo mtu anaweza kutoka nyumbani asubuhi asirudi. Jina la kila faili linaanza na mwaka, mwezi, siku, kisha msemaji. Kadi ya kinasa sauti haifutwi mpaka watu wawili wamefungua WAV kwenye diski zote mbili na kusikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

Wenye kaseti za zamani za wainjilisti na kwaya, msizitupe hata kama redio-kaseti imekufa. Waya mmoja kutoka tundu la vifaa vya masikioni kwenda kwenye kompyuta unatosha, na vijana wetu watazirekodi kwa WAV mkiwepo mnaangalia. Na kama kuna ndugu aliyekuwa pamoja nasi siku ile chini ya mti wa avoka, akarekodi kwa simu yake mwenyewe, tunamwomba asiifute simu hiyo. Ailete kwanza, hata kama kioo kimevunjika.