Hina yaonyesha uwezo wa kukinga chuma dhidi ya tindikali

Hina ile ile wanayopakwa maharusi Zanzibar, Lamu na Maskati inaweza pia kukinga chuma. Mwaka 2005 wataalamu wa Misri walichapisha utafiti kuhusu maji ya majani yake. Mwaka 2009 wenzao wa Iran waliripoti kuwa gramu 1.2 za hina katika lita moja ya asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa zilipunguza kuliwa kwa chuma kwa asilimia 92.

Msomaji atauliza: nani anatia chuma kwenye tindikali? Viwanda vya mabati hufanya hivyo ili kuondoa kutu kabla ya kupaka zinki. Visima vya mafuta navyo humiminiwa tindikali ipanue njia ndani ya mwamba wa chokaa, nayo hupitia mabomba ya chuma. Isipozuiwa, hula bomba lenyewe.

Kizuizi kimoja cha siku nyingi visimani, alkoholi ya propajili, ni sumu hata ikigusa ngozi tu. Hina haina balaa hilo. Molekuli zake, hasa ile ya rangi iitwayo losoni, hunata juu ya chuma na kuweka utando mwembamba.

Hata hivyo, tindikali ya visimani kwa kawaida ni ya asilimia 15, takriban mara nne ya ile ya maabara, na chini huko joto huweza kupita nyuzi 100. Majani nayo hutofautiana kwa udongo na msimu, na maji yake huchacha. Mimi naona hina ianzie kwenye mabati, ambako asidi hiyo aghalabu haichemshwi na mfanyakazi husimama kando ya pipa kutwa nzima.