Tezi Aliyeishiwa Mkaa

Shika shingo yako hapo mbele, chini kidogo ya kongomeo. Sasa meza mate. Umehisi kitu kinapanda na kushuka? Safi kabisa! Jirani na hapo anakaa rafiki yetu wa leo. Anaitwa tezi ya thairoidi. Ana umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Mdogo, lakini msikie anavyojisifu.

“Mimi,” anasema Tezi, “ndiye mtia mkaa wa mwili mzima!”

Maneno makubwa hayo kwa kiumbe wa gramu 20. Lakini hasemi uongo. Mwili wako ni jiko la mkaa lenye sufuria ya maharage juu yake. Moto ukiwa wa kutosha, maharage yanachemka na kuiva. Moyo unapiga, tumbo linasaga chakula, ngozi ina joto, nawe una nguvu za kukimbia uani. Mkaa wenyewe ni homoni iitwayo thairoksini. Tezi huitengeneza kwa madini joto, yale yale yaliyoandikwa kwenye paketi ya chumvi pale jikoni. Kaisome.

Sasa, siku nyingine Tezi huugua. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inakosea na kuanza kumshambulia yeye. Daktari mmoja wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Tezi anachoka. Mkaa unapungua.

Mkaa kidogo, moto kidogo.

Ndipo unamwona mama amevaa sweta wakati wenzake wanajipepea. Anasinzia mchana. Ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, uso umevimba asubuhi, choo kimekuwa kigumu. Na gauni la kitenge la mwaka jana halifungi.

“Mjomba, mama amenenepa kwa sababu anakula sana?”

Swali zuri hilo! Watu wazima wengi hawaulizi, wanakimbilia kuhukumu. Wanamkuta mama harusini wanamwambia, “Umenawiri! Raha zimekuzidi!” Naye anacheka, lakini akifika nyumbani hacheki. Mimi maneno hayo siyapendi hata kidogo.

Ukweli ni huu. Moto ukipungua, mwili unatumia chakula kidogo, hata kama sahani haijaongezeka. Tena, sehemu kubwa ya uzito ule si mafuta. Ni maji na chumvi ambavyo mwili umevishikilia. Kwa kawaida, ugonjwa huu peke yake huleta kilo 2 hadi 4 hivi. Zikizidi sana hapo, daktari atatafuta na sababu nyingine.

“Na daktari alijuaje kwamba mama anaumwa Tezi? Alichungulia shingoni?”

Aliishika shingo, ndiyo, lakini jibu lilikuwa kwenye damu. Chini ya ubongo kuna tezi mwingine mdogo zaidi, msimamizi wa jiko. Akiona moto umefifia, anapiga kelele: “Ongeza mkaa! Ongeza mkaa!” Kelele hiyo ni homoni inayoitwa TSH. Maabara wakipima damu wakakuta kelele imezidi na thairoksini imepungua, wanajua Tezi ameelemewa.

Basi mama akapewa kidonge kidogo, levothairoksini. Ni mkaa ule ule, ila umetengenezwa kiwandani.

“Zamani je, kabla ya viwanda?”

Zamani mkaa uliazimwa kwa kondoo! Usicheke. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alichukua maji ya tezi za kondoo akamdunga mama mmoja aliyekuwa hoi kwa ugonjwa huu. Mama akapata nafuu. Akaishi miaka 28 mingine kwa dawa iliyotokana na kondoo zaidi ya 870. Hapana, hakulia mee. Nilijua utauliza. Mwaka 1927 wanasayansi wakaeleza namna ya kuitengeneza thairoksini maabara, na baadaye kondoo wakapumua.

Kidonge hiki kina masharti yake. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, halafu mama angoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kunywa chai. Najua, kukaa karibu na birika la chai ya maziwa bila kuigusa ni mtihani. Lakini maziwa na chakula huzuia dawa isiingie vizuri kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu ndivyo vibaya zaidi. Hivyo vikae mbali na kidonge hiki kwa saa 4 nzima.

“Kwa hiyo kesho atakuwa mwembamba?”

Kesho! Mwanangu, mkaa ukitiwa leo maharage hayaivi papo hapo. Daktari atampima tena baada ya wiki 6 hadi 8, aone kama kipimo cha dawa kinatosha. Kwanza baridi itapungua. Usingizi wa mchana utapungua. Yale maji yataanza kutoka. Wengi huendelea kumeza kidonge hiki maisha yao yote, na hawaachi kwa sababu tu wamejisikia vizuri.

“Akimeza viwili kila siku, atapungua haraka?”

Hapana, hapana! Mkaa ukijazwa kupita kiasi, maharage yanaungua. Moyo utadunda ovyo, mikono itatetemeka, usingizi utakimbia, na baada ya muda mifupa itakonda. Dawa hii ni ya kurudisha moto ulipokuwa. Si dawa ya kupunguza unene. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani, mama azipite. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na homoni hii hii ndani, bila kuandikwa popote.

Uzito unaobaki unaondoka kwa njia ya kila mtu: ugali upungue kidogo, mchicha na maharage viongezeke, soda ibaki ya sikukuu, na miguu itembee. Hapo wewe una kazi. Jioni mwambie, “Mama, tutembee mpaka sokoni.” Akichoka, pumzikeni. Usimpime kwa macho kila siku, wala usimhesabie chapati.

“Na lile gauni la kitenge, litamtosha tena?”

Huenda likamtosha. Huenda lisimtoshe. Lisipomtosha, lipelekeni kwa fundi. Fundi mzuri huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono.